Barua kutoka Virginia: mlima, gari na waliosimama mbele yake

Jamaa walioko Tanga, Morogoro au Mombasa, ambao kila msimu wa Oktoba hupokea kwenye simu zao picha za ndugu walioko Marekani wakiwa wameegemea ukuta mfupi wa mawe, wanastahili maelezo ya kutosha kuhusu mahali hapo, kwa kuwa picha zenyewe, kwa sababu zitakazoelezwa, haziwaonyeshi mengi zaidi ya ndugu hao na gari lao.

Mahali penyewe ni Skyline Drive, barabara yenye urefu wa maili 105, yaani kilomita zipatazo 169, inayopita juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah katika jimbo la Virginia. Lango lake la kaskazini liko magharibi ya Washington, mji ambao, pamoja na vitongoji vyake, una Waafrika Mashariki wa kutosha kujaza ukumbi wa harusi bila kualika mgeni hata mmoja. Barabara hiyo haiendi popote kwa maana ambayo dereva wa lori kwenye mlima wa Kitonga angeielewa, kwani haikujengwa kupitisha mizigo bali kupitisha macho. Ndiyo maana mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 35 kwa saa, na kandokando yake kuna vituo karibu 70 vya kutazamia mandhari, yaani sehemu zilizopanuliwa pembeni ili magari yaegeshwe na watu wasimame kutazama bonde la Shenandoah upande wa magharibi, au vilima vya Piedmont vinavyoshuka taratibu upande wa mashariki. Ada ya kuingia ni dola 30 kwa gari, nayo hutumika kwa siku 7, wala abiria hawatozwi kila mtu na chake. Kanuni hii jamaa wa Afrika Mashariki waliielewa mapema kuliko kanuni nyingine zote za nchi ile, na gari lao la viti saba huwa halina kiti kitupu.

Ujenzi wa barabara ulianza 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na sehemu ya mwisho ikafunguliwa 1939. Kuanzia 1933 walishiriki vijana wasio na ajira waliokusanywa na serikali ya Franklin Roosevelt katika kikosi cha kazi za uhifadhi, ambao walipanda miti, walisawazisha miteremko na kujenga kuta za mawe kwa malipo ya dola 30 kwa mwezi, na kiasi cha dola 25 kati ya hizo kilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Mwana wa ughaibuni anayelalamika kwamba mshahara wake humalizikia nyumbani kabla yeye hajauona anafanya hivyo, mara nyingi, akiwa ameegemea kazi ya mikono ya vijana waliokuwa na malalamiko hayohayo. Mandhari yale yana gharama nyingine ambazo vibao havizitangazi kwa herufi kubwa: familia zipatazo 500 ziliondolewa milimani ili hifadhi iundwe, jambo ambalo wazee wa Ngorongoro wasingehitaji kufafanuliwa, na katika miaka ya mwanzo wageni weusi walitengewa eneo lao la Lewis Mountain, lililofunguliwa 1939, hadi ubaguzi huo ulipokomeshwa kabisa 1950. Shangazi anayejipiga picha leo katika kituo chochote akipendacho, akiwa na kitenge na viatu virefu visivyofaa kwa changarawe, anatumia haki iliyochelewa.

Jambo linalomshangaza zaidi mgeni kutoka Afrika Mashariki si uzuri wa bonde bali ukimya wa biashara. Katika kituo cha kutazamia Bonde la Ufa, kwenye barabara iendayo Naivasha kutoka Nairobi, mtu hawezi kushuka garini bila kuvishwa kofia ya manyoya ya kondoo na kutajiwa bei yake ya kwanza, ambayo ni ya mzaha, na ya pili, ambayo ni ya kweli kidogo. Huku Virginia hakuna kofia, hakuna mahindi ya kuchoma, wala hakuna mtu anayemwita mgeni rafiki. Jamaa hulazimika kujitegemea kwa pilau ya hotpoti, vitumbua na chupa ya chai, vitu vinavyofunguliwa juu ya boneti huku Wamarekani wa gari la jirani wakinusa kwa adabu.

Wapiga picha wa mahali hapo wamegawanyika katika madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza, ambalo wafuasi wake ni wenyeji, husimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu kabla ya alfajiri, husubiri mwanga kwa muda ambao mtu angeweza kufua na kuanika, kisha huondoka na picha isiyo na mtu ndani yake. Dhehebu la pili, la jamaa, hushikilia kwamba picha isiyo na mtu ni ya kalenda, na kwamba mlima usiokuwa na shahidi hauna uthibitisho; kwa hiyo mtu huwekwa katikati, gari huwekwa kushoto likionyesha nembo, na mlima hupewa nafasi iliyobaki. Ili kuwatendea haki wote, mlima wenyewe husaidia kujificha, kwa sababu miti yake hutoa hewani kemikali iitwayo isoprini, inayochangia chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga wa buluu, na utusitusi huo ulioipa milima jina lake ndio huohuo unaoifanya ionekane kwenye simu kama kosa la kioo.

Rangi za majani nazo huleta utata nyumbani. Klorofili, yaani kemikali ya kijani ya majani, huvunjika siku zinapokuwa fupi na baridi inapoanza, ndipo njano iliyokuwa imefichika hujitokeza na, katika baadhi ya miti, wekundu mpya hutengenezwa. Baba mkubwa aliyezoea kuona miti ikipukutika kwa kiangazi huitazama picha hiyo na kuwapa pole Wamarekani kwa ukame.

Kwa kuwa mtandao wa simu ni hafifu mlimani, picha hazitumwi hadi gari lishuke bondeni, na muda huo wa kushuka ndio wa busara. Hapo ndipo jamaa hukumbuka kwamba nyumbani nembo ya gari husomwa kabla ya sura ya dereva, na kwamba ombi la ada ya shule hufuata nembo hiyo baada ya dakika chache. Wakazi wa siku nyingi, kwa hiyo, huziweka picha za Oktoba hadi ada za Januari zitakapokwisha kulipwa, na baba mkubwa huzipokea katikati ya Februari, akazidi kuamini kwamba ukame wa Virginia haujapata mvua mpaka sasa.