Ubora Ukutani

Mwaka 1950, W. Edwards Deming, Mmarekani mwenye ilimu ya takwimu, alipoalikwa Japani kuwahutubia mainjinia na wakuu wa makampuni, aliwafundisha kuipima kazi ingali ikifanyika, wala wasingoje bidhaa imalizike ndipo waikague na kuitupa. Katika kanuni zake 14, moja yaamuru hofu iondolewe kazini, na nyingine yakataza kuwatundikia wafanyakazi maneno ya kuwahimiza, kwani kasoro nyingi hutokana na mpango wa kazi, ambao ni milki ya wakubwa.

Basi ni taadhima iliyoje waliyomfanyia mabwana wa kiwanda kimoja cha sabuni nikijuacho, ambao, waliporejea kutoka semina hotelini, walitundika bango la kusema UBORA NI JUKUMU LA KILA MMOJA, tena juu ya mashine ile ile ambayo waya wake wa kukatia miche umelegea tangu masika! Fundi aliyeomba waya mpya aliambiwa atie maoni yake sandukuni. Na sanduku lina kufuli, na ufunguo, kwa kuchelea wizi wa maoni, huwa kwa meneja, naye yu safarini katika semina ya pili.

Kule Toyota mfanyakazi aonaye kasoro huruhusiwa kuisimamisha kazi hata itengenezwe. Fundi wetu alipothubutu kuizima mashine alikatwa ujira wa nusu siku, kwa waraka ambao, insafu yataka niseme, haukuwa na kosa hata la nukta.