Mgombea na Foleni ya Tunduma

Juzi, kwenye kibanda cha chipsi hapa Tunduma, alitujia mgombea uenyekiti wa wanafunzi wa uzamili wa chuo kimoja cha Mbeya. Jina la chuo nalihifadhi. Bado nadaiwa ada. Wapiga kura wake husoma wikiendi, Jumatatu wako kazini, kwa hiyo akawafuata mpakani amevaa suti, na vumbi la malori likampaka poda.

Sera ya kwanza: msimamizi asome tasnifu ndani ya siku 14. Dada mmoja wakala wa forodha akaweka soda chini. "Kaka yangu, lori limepita hapa, likafika Lubumbashi, likarudi na shaba, likateremka Dar. Sura yangu ya pili bado iko mezani kwa profesa."

Mgombea hakutikisika. Tutaiga kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, akasema, kilichozinduliwa 2019: unakaguliwa mara moja, unapita! Tukapiga makofi. Kisha wote tukageuka kutazama nje, ambako foleni ya malori ilikuwa imelala kama mgonjwa.

Mpinzani wake, nasikia, hana maneno mengi. Anaahidi pilau siku ya mahafali. (Mahafali ya nani, na tasnifu zenyewe ziko mezani?)

Tulipouliza kura inapigwa lini, mgombea akatabasamu: Jumanne, saa nne asubuhi, chuoni, kilomita kama 100 kutoka hapa. Dada wa forodha akaagiza soda nyingine.