Ploti Inayotazama Mto

Nchk! Jana jioni hapa kijiweni kapita kijana wa bodaboda na simu yake, anatuonyesha picha. Yuko bustani ya Mama Ngina, Mombasa, kaegemea ukuta, nyuma yake meli yaingia Kilindini, mkononi ana muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. "Babu, kwani sisi Lunga Lunga si mji? Yetu iko wapi?"

Muuza kahawa hakunyanyua hata macho. Kasukutua kikombe, kamwaga maji kando ya lami. "Yenu mnaiuza, mwanangu. Ploti za hamsini kwa mia."

Dalali aliyekuwa kwenye benchi akajifanya atafuna kashata.

Wallahi mji huu umekua. Zamani ulikuwa mahali pa kupitia tu: wagongesha muhuri, wavuka Horohoro, Tanga hiyo. Sasa tunaitwa manispaa, nyumba za kupanga zaota kama uyoga, na kila ukipita unakuta bikoni mpya zimepigwa rangi nyekundu. Lakini nitafutie pahali pamoja pa umma ambapo mama na watoto wake watakaa saa kumi jioni bila kuagiza soda. Hapapo! Watoto wachezea mpira kwenye ploti ya mtu, siku akileta mawe ya msingi, mpira umekwisha.

Bahari hatuna, iko kule Vanga na Jimbo. Lakini Umba je? Mto mzima watoka milima ya Usambara, wapita kwetu, wamwagika baharini karibu na Vanga, nasi twauona ni pa kuoshea pikipiki.

"Bustani kando ya Umba?" dalali akacheka. "Na mafuriko?"

Ami, ndiyo hasa! Mvua hunyesha Usambara, huku jua kali, na watu wa Vanga wakaamka maji yako kitandani. Nyumba ikifunikwa, mtu kapoteza maisha yake yote. Bustani ikifunikwa, unangoja maji yashuke, wafagia tope, watu wakarudi kukaa. Basi ukingoni wafaa kujenga nini? Wewe wauza vyumba vitatu na choo cha ndani!

Katiba, ibara ya 62, yasema mito ni ardhi ya umma, na ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa vilevile. Maneno matamu. Nenda Diani uone. Bahari ni yako, mchanga ni wako, lakini ili uufikie watembea weee kando ya kuta za hoteli, watafuta kichochoro kama mwizi. Mali yako imezungushiwa ua, wewe umeachiwa upenyo.

Kijana akauliza pesa zitatoka wapi, maana Mama Ngina ilitengenezwa kwa takriban shilingi milioni 460, ikawa tayari kwa Sikukuu ya Mashujaa ya 2019. Ala! Nani kakuambia twataka za Mombasa? Hata bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofanyiwa ukarabati ikafunguliwa tena 2009, watu hawaendi kuhesabu mawe. Waenda kula mishkaki na kutazama vijana wakijirusha majini. Sisi twataka miembe isikatwe, mabenchi, taa, choo chenye maji, na njia pana ya kufikia mtoni. Na nafasi ya wauza viazi karai, wasije wakafukuzwa siku ya uzinduzi kwa sababu eti wachafua mandhari. Ardhi ndiyo ya kuwahi. Benchi laweza kuja hata mwaka kesho kutwa.

"Mie sikatai," dalali akasema, akifuta mikono. Simu yake ikalia. Akasogea pembeni, lakini sauti yake haijui kunong'ona: "Naam, bosi, ipo. Inatazama mto kabisa. Njoo Jumamosi."

Muuza kahawa akamwangalia, akafyonza, akamdai shilingi zake ishirini.