Injini Inayocheza Sindimba

Kati ya Nachingwea na Ruangwa kila abiria ni fundi. Corolla langu, ambalo umri wa kupiga kura limeshaupita, lilianza kutetemeka kila nikisimama gia ikiwa kwenye D. Shangazi, aliyeketi mbele, akatamka ugonjwa papo hapo: plagi. Kijana wa nyuma mwenye gunia la ufuta mapajani akasema pampu ya mafuta. Mzee tuliyempa lifti alikaa kimya mpaka meno yake ya bandia yalipoanza kugongana, ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, gari hili limezindikwa?"

Mafundi wenyewe hawakuwa mbali na mzee. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alitaka kusafisha kabureta, kifaa ambacho gari hili halijawahi kuwa nacho.

Mgonjwa alikuwa mauntingi. Injini haifungwi chuma kwa chuma kwenye fremu; inakalia mauntingi, kwa kawaida tatu au nne, kila moja ikiwa na raba iliyoshikamana na vyuma. Kazi ya raba ni kumeza mtikisiko. Ikipasuka, au ikilainishwa na oili inayovuja, mtikisiko wote unahamia kwenye usukani, kwenye vioo na kwa shangazi. Njia zetu za vumbi nazo hazina huruma. Tungepanda treni, lakini reli ya Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mradi wenyewe ulianza 1947 na kufa 1951, baada ya watu kugeuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Kwa hiyo kuharibikiwa na mitambo huku kuna historia ndefu kuliko ufundi wa yeyote.

Kupima ni rahisi. Fungua boneti, kanyaga breki barabara, vuta hendibreki, kisha hamisha gia kutoka D kwenda R na kugusa mafuta kidogo tu. Mwenzako atazame akiwa ubavuni, asisimame mbele ya gari. Injini ikiinuka kwa kishindo, umeshapata jibu. Yangu ilicheza sindimba.

Fundi wa tatu aliliona hilo, kisha akajaza mwanya kwa vipande vya tairi kuukuu. Tairi ni gumu mno kwa kazi hiyo, na gari likatetemeka maradufu. Shangazi akahamia kiti cha nyuma. Wa nne ndiye aliyefanya inavyotakiwa: aliweka ubao juu ya jeki ili asitoboe sampu, akainua injini kidogo, akabadilisha mauntingi moja baada ya nyingine, na bolti akazikaza mwisho, injini ikiwa imetulia mahali pake.

Ukienda dukani usikubali mauntingi za mtumba, hata ziking'aa. Raba huzeeka hata ikiwa rafuni.