Bibi Afungua Jalada

Tangu Azam TV ilipotuletea tamthilia ya Kituruki ya Sultan ikiongea Kiswahili, rimoti ya nyumbani kwetu Tandika ni mali ya Bibi. Siku hizi amehamia kwa polisi wa Istanbul wanaowasaka wauza wanawake. Huko Uturuki kipindi kimoja huzidi saa mbili. Hadi kitufikie kimeshakatwa vipande, kwa hiyo kila usiku jambazi anaponea chupuchupu na Bibi analala na hasira zake.

Mchezo wenyewe anaujua nje ndani. Wasichana wa Moldova na Ukraine wanaahidiwa kazi ya kulea watoto au kuuza duka. Wakishuka tu, pasipoti zinachukuliwa, nauli inageuka deni, na deni haliishi. Kaka yangu, msoma sheria, akadakia kwamba hayo yametokea kweli, hasa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, na kwamba kifungu cha 80 cha sheria ya adhabu ya Uturuki kinampa muuza watu miaka 8 hadi 12 jela. Bora angenyamaza. Bibi akajipa cheo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mshenga, mzee wa watu, aliyekuja na kanzu iliyonyooka na barua ya posa ya dada yangu. Muoaji yuko Muscat. Mzee akateleza, akauliza kama binti ana pasipoti. Bibi akaamuru geti lipigwe kufuli.

"Nauli analipa nani?"

"Mwenyewe muoaji, bibi."

"Wakishindwana, atamdai?"

Mzee akameza mate.

"Na pasipoti atashika nani?"

"Kwa kawaida... mume."

Akapokonywa simu papo hapo. Sambusa hazikuguswa. Baba ndiye aliyemfungulia, akimsindikiza hadi barabarani na kumtaka radhi njia nzima. Posa ikafia hapo. Dada, ambaye hakuwahi kumtaka muoaji huyo, alimnunulia Bibi doti ya khanga.

Jioni, wakati Bibi anatusimulia ushindi wake kwa mara nyingine, dada wa kazi akaweka sinia la chai mezani, asiondoke. Shangazi ndiye aliyemtoa kwao Singida, kwa ahadi ya kumsomesha ushonaji.

"Bibi, hata mimi kitambulisho changu kiko kabatini kwa mama. Na cherehani sijaiona."

Mama akawahi: "Nimekutunzia kisipotee!"

"Yule jambazi wa kwenye TV mwenye koti jeusi juzi alisemaje?" Bibi akauliza. Tulikumbuka sote: alisema hivyohivyo.

Kaka akaanza kueleza kuwa sheria yetu ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haisubiri mtu avushwe mpaka. Mama akamkata jicho, akakatisha somo. Lakini ufunguo aliuleta. Kwenye bahasha kulikuwa na kitambulisho, pamoja na kikaratasi chenye mwandiko wa Shangazi: makato ya mshahara, kila mwezi, "nauli ya basi kutoka Singida".

Mshahara sasa unaingia kwenye simu ya binti mwenyewe, na mchana anakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili kujifunza kukata vitambaa. Shangazi, ambaye hakosi pilau yetu ya Jumapili, amepiga simu kusema ana homa. Bibi amemwombea apone haraka, maana jalada lake bado liko wazi.