Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUTUZIDISHA

Ndugu Katibu Mkuu,

Salamu kutoka Masoko, Rungwe. Sensa huhesabu mtu mara moja. Ninyi mmeizidi kwa ukarimu. Mkazi wa huku akishapita zahanati, hospitali ya wilaya na ya rufaa, anakuwa watu watatu: mmoja ana presha, wa pili hana, wa tatu hajaugua tangu azaliwe.

Siri ya mafanikio haya naijua. Faili lisipoonekana, karani anasema, "Fungua jipya," nawe unakwenda kulipia kwenye dirisha lile. Linaandikwa jina na umri wa kukadiria. Sasa huku Unyakyusani ita "Atupele" mbele ya benchi la wagonjwa: watainuka watatu, mmoja ana ndevu. Ubini hausaidii sana. Wote ni Mwaka-fulani, na karani mgeni huishia hapo kwenye "Mwaka", kilichobaki akakimalizia kwa nukta.

Kompyuta mmeleta, ahsanteni. Mfumo wa hospitali, GoTHOMIS, una namba yake, kadi ya CTC (kliniki ya VVU) yake, bima yake, kliniki ya wajawazito yake. Kinachoaminika bado ni daftari la shule alilofunga bibi kwenye ncha ya kanga.

Wakorofi watakumbushia taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, Novemba 2007: Emmanuel aliyekuja na goti alipasuliwa kichwa, Emmanuel aliyekuja na kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki. Hapo kejeli yangu inakwama. Naomba niruke mstari.

Dawa ya tatizo hili ilishapatikana, tena chini ya mwavuli. Tangu 2020 laini ya simu haikai hewani bila namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), tarakimu 20, na alama ya kidole. Kijana wa laini pale stendi ya Tukuyu anagusisha dole gumba langu kwenye kidude chake, papo hapo anajua mimi ni nani. Daktari mwenye sindano ya penisilini mkononi ananiuliza mimi kama iliwahi kunidhuru.

Najua, watoto wengi hawana NIDA, na vidole vya wachuma chai wetu vimesuguka hadi mashine inagoma. Hao watafutiwe njia. Sisi wengine vidole tunavyo.

Kama mifumo haitaweza kusomana kabla ya bajeti ijayo, mwajirini yule kijana. Mwavuli anao, mpeni kiti tu pale mapokezi.

Wenu,
Mkazi wa Masoko (mwenye presha)