Kijiji cha Lita 200

Mjini Mbeya, ndani ya duka la fundi cherehani, palikuwa na kijiji cha lita 200. Kuta zake kioo, jua lake taa moja, wakazi wake watatu. Wa kwanza Bi Shela, samaki wa dhahabu mwenye mwili wa duara kama chungwa na mkia mrefu uliogawanyika, unaomfuata nyuma kama shela la bibi harusi. Wa pili Mzee Macho, mweusi, macho yamemtoka nje ya kichwa kama vifungo vya koti. Na kwa ukubwa wote ule, macho hayo yaliona mng'ao tu. Wa tatu Konokono, mnene kiasi cha limau, ambaye ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa kuwa hapakuwa na jiwe wala kona asiyoipitia kwa tumbo lake.

Asubuhi za Juni kipimajoto kilichobandikwa kiooni kilisoma nyuzi 17, na hakuna aliyelalamika. Ukoo wa Bi Shela ulitoka Uchina, ambako yapata miaka 1,000 iliyopita watu walianza kuwatenga mabwawani samaki waliozaliwa na rangi ya dhahabu, wakawalea kizazi baada ya kizazi mpaka ikapatikana mikia ya shela na macho ya vifungo. Baridi ya Mbeya kwao ilikuwa baridi ya nyumbani.

Maneno yaliletwa na wateja. Mtu akija kupimwa suruali, anasimama mbele ya tangi na kusema, "Fundi, hapa pamepooza. Ongeza rangi." Fundi alikuwa mtu wa kutoa heshima kwa kila ushauri, na wateja wake walikuwa wakarimu. Wakaanza kuleta zawadi.

Mgeni wa kwanza alifika ndani ya ndoo yenye mfuniko, kutoka Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa wa buluu kali yenye milia, katika wale ambao upande wa Malawi huitwa mbuna. Konokono akapanda juu ya kioo kumpokea.

"Unatoka maji gani, ndugu?"

"Mjumbe!" Mzee Macho akamkatiza. "Mgeni hahojiwi mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huoni anavyong'aa?"

Basi hilo likawa sharti la uraia katika kijiji kile: kung'aa. Konokono akarudi chini bila jibu.

Siku ya pili Mbuna alilichukua jiwe kubwa. Siku ya tatu akatangaza kwamba mchanga unaolizunguka nao ni wa jiwe. Siku ya nne Bi Shela alipita pale bila kujua na akatoka na shela lililochanika. Nasema hili kwa uchungu: Mbuna hakuwa mwovu. Kule ziwani wenzake huishi kwenye miamba, wanakwangua mwani juu yake, na dume asiyelinda jiwe lake hana chakula wala mke. Alikuja na sheria za kwao kwa sababu hakuna aliyemwambia za hapa. Isitoshe, naye aliteseka. Ziwa lile lina joto na maji yenye alkali; hapa alilala nyuma ya jiwe amepauka, na madoa meupe kama punje za chumvi yakamtoka mwilini.

Fundi akamhurumia. Akanunua hita na kuipandisha mpaka nyuzi 26.

Mbuna akachangamka. Lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na mwili wa samaki ukipata joto hudai hewa zaidi. Bi Shela na Mzee Macho wakapanda juu, midomo wazi usoni pa maji, wanahema toka asubuhi hadi taa inazimwa. Wateja walifurahi sana. Walisema samaki wanawasalimia.

Mwanafunzi mmoja akaleta gapi sita ndani ya kopo, kila mmoja hazidi kidole kidogo cha mtoto, mikia ya rangi za upinde wa mvua. Waling'aa, wakakubaliwa. Asubuhi Konokono aliwahesabu wanne. Jioni watatu. Akaenda kwa Bi Shela, naye hakukana.

"Walipita mbele ya mdomo wangu, mjumbe. Sikuwachukia. Sisi hatuna mfuko wa tumbo, tuna utumbo tu, chakula hakikai; kutwa nzima tunatafuta. Kinachoenea mdomoni huwa kimeshaingia kabla sijafikiri. Mbona hamkuniuliza mimi naweza kuishi na nani? Mliwatazama wao tu."

Konokono hakuwa na la kujibu. Maswali yake yote alikuwa amewaandalia wageni, na hakuwahi kumhoji mwenyeji.

Kisha akaja Mfyonza, samaki mweusi mwenye mdomo kama kikombe, mzaliwa wa mito ya Amerika Kusini, aliyesifiwa dukani alikonunuliwa kuwa ni mfagiaji asiyedai mshahara. Mchana alikwangua kioo. Sitamsema sana, nitarudi kwake usiku.

Aliyekipasua kijiji hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa ndugu. Aliingia siku ya Jumamosi, mwekundu wa kukoza, mwembamba, mkia mmoja uliochongoka, akasema kwa adabu, "Shikamoo shangazi. Shikamoo mjomba." Mzee Macho alitikisika mwili mzima. Samaki wa dhahabu kama wao! Maji yale yale ya baridi, babu yule yule wa Uchina. Wakamwita Mshale.

Konokono akajikaza. "Kijana, unakula kwa kasi gani?"

"Hata ndugu utamhoji?" Mzee Macho alikasirika kweli. "Damu nzito kuliko maji!"

Mshale alikuwa wa ule mkondo uliobaki na umbo la wahenga, mwili wa kukata maji. Fundi akidondosha chakula, Mshale anavuka tangi mara tatu kabla harufu haijamfikia Mzee Macho. Bi Shela alipogeuza shela lake lililochanika, zilibaki punje mbili. Mzee Macho alitafuta kwa mdomo juu ya mchanga, akaokota kokoto, akaitema, akaokota nyingine. Wiki ya tatu mgongo wake ulikuwa umechongoka. Na kijana yule, ambaye hakuwa na chembe ya choyo, alikuja kila jioni kumjulia hali.

"Mjomba, mbona huli?"

Mzee Macho alikuwa anajibu kwamba ameshiba. Ningeweza kusimulia ugomvi wa Mbuna kwa kurasa nyingi, lakini jibu hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Wakati huo ndani ya chujio mlikuwa na kilio kisichosikika. Mle waliishi bakteria, wafanyakazi wasioonekana, ambao huigeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Walikuwa wamejijenga kwa wiki nyingi, kwa kipimo cha wakazi watatu. Sasa kila mgeni aliongeza mzigo. Amonia ikawazidi, maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, mashavu ya samaki yakaanza kuwaka. Mbuna akalia kwamba maji ya hapa ni machafu. Bi Shela akasema uchafu umekuja naye. Wote wawili walisema kweli, na ukweli huo haukumponya hata mmoja.

Usiku mmoja umeme ulikatika fundi akiwa anamalizia sare za shule. Akawasha tochi ya simu, na mwanga ukaangukia tangini. Mfyonza alikuwa amejibandika ubavuni mwa Mzee Macho, anamfyonza ute unaomkinga ngozi, na mzee amejilegeza, hana nguvu ya kumkung'uta.

Fundi akamwachanisha kwa mkono wake, kisha akavuta kigoda akakaa mpaka alfajiri. Alikumbuka gauni alilolishona zamani, pamba ambayo haikufuliwa kwanza, akaiwekea bitana ya nailoni. Lilipendeza siku ya kulichukua. Lilipofuliwa mara ya kwanza pamba ikasinyaa, nailoni ikabaki vilevile, na gauni zima likajikunja kama jani bovu. Alimrudishia mteja pesa yake. Wala hakuilaumu pamba, na nailoni hakuilaumu.

"Tuwamwage mtoni," alisema kijana wake wa kazi asubuhi.

"Mto una wenyewe," fundi akajibu. "Hatuwapelekei hao yaliyotushinda sisi."

Ikamchukua mwezi. Mbuna alikwenda kwenye nyumba ya wageni Kyela, yenye tangi la mawe matupu na mbuna wenzake. Gapi waliobaki walirudi kwa mwanafunzi, na hita wakapewa wao. Mfyonza alipata tangi la peke yake kwa mtu aliyejua kumlisha. Mshale, ambaye akijaliwa atafika sentimita 30, alipelekwa kwenye bwawa la saruji uani kwa fundi mwenyewe, na mishale mingine miwili. Aliaga kwa shikamoo. Mzee Macho aliitikia marahaba, kisha akala mbele yake, taratibu, punje moja moja, ili kijana aondoke akiwa ameona.

Mwezi wa Septemba paliwekwa beseni la plastiki angavu kando ya tangi, lenye pampu yake ndogo, na ndani yake mgeni ambaye angekaa humo wiki nne ili ijulikane kama amebeba ugonjwa. Konokono alipanda kioo kila siku kwenda kumtazama. Siku ya kumi aliporudi, Mzee Macho alikuwa anamngoja chini.

"Anang'aa, mjumbe?"

"Sikuangalia," alisema Konokono. "Anakula polepole."